Mkunga kakataa kuchoma magnesiamu saa 8 usiku, asubuhi kapewa barua ya kujieleza. Alikosea wapi?

#1 MamaWodi5
Wakuu salaam. Nalileta hili kwa sababu limetugawa wodini na linavyosimuliwa siyo lilivyotokea.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, mkunga wa siku nyingi, alipokea mama mwenye kifafa cha mimba, rufaa kutoka kituo cha afya. Degedege mara mbili kabla hajafika kwetu. Saa 4 usiku akapewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 kwenye mshipa, gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande. Akapelekwa upasuaji, mtoto akatoka analia, mama akarudi wodini kabla ya saa 7. Kwenye faili imeandikwa gramu 5 kila saa 4, kwa hiyo sindano inayofuata ni saa 8.

Saa 8 akapima kwanza kabla ya kuvuta dawa. Pumzi 14 kwa dakika. Mfuko wa mkojo una mililita 40 tangu saa 4. Akagonga goti, mguu haukuruka. Akagonga la upande wa pili, hakuna kitu. Hakuchoma. Akapiga simu kwa daktari wa zamu, ambaye alikuwa ameshaingia kwa mama mwingine, mikono tumboni mwa mtu. Simu ikapokewa na mhudumu, jibu likarudi: "Anasema mpe, ameshaandika."

Hakumpa. Akavuta kiti, akapima kila robo saa, akaweka kalsiamu glukoneti, dawa ya kupooza magnesiamu ikizidi, kwenye trei pembeni ya kitanda. Saa 11 alfajiri mkojo umefika 150, pumzi 18, miguu inaruka. Akachoma. Mama na mtoto wameruhusiwa, wapo nyumbani.

Asubuhi ile ile kapewa barua ajieleze kwa "kukaidi maelekezo ya daktari". Naomba wanaoijua kazi hii waseme: alikosea wapi?

#2 Chungwa la Muheza
Nimeweka kambi. Ngoja waje wataalamu.

#3 MwalimuWaWauguzi
Hakukosea hata kidogo. Kabla ya kila dozi ya kuendelea kuna masharti matatu, na tunawafundisha tangu mwaka wa kwanza: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa liitike, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Likikosekana moja, dozi inasubiri. Kwa huyu mama yamekosekana yote matatu. Mililita 40 kwa saa 4 ni theluthi moja ya kile kinachotakiwa.

Daktari akiandika "gramu 5 kila saa 4", masharti hayo yamo ndani ya maelekezo hata kama hakuyataja. Kwa hiyo mkunga ametekeleza maelekezo, hajayakaidi.

#4 DaktariWaKata
Taratibu mwalimu. Mimi ni daktari na najua kuna uzi mwingi humu unaotaka daktari awe mkosaji.

Mama alishapata degedege mbili. Dozi ikichelewa saa 3 na degedege ya tatu ikaja, mgonjwa anaweza kuvuja damu kwenye ubongo. Mwaka 1995 ulitoka utafiti mkubwa wa kimataifa kwa wanawake wenye kifafa cha mimba: waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege pungufu kwa asilimia 52 kuliko waliopewa diazepamu, dawa ya kutuliza. Tunaisisitizia dawa hii kwa sababu inaokoa. Muuguzi anayeiogopa anaweza kuua kwa kutochoma, na kifo hicho hakuna atakayemwandikia barua, kitaandikwa "kifafa cha mimba" basi.

Sisemi huyu aliogopa. Nasema kuzuia dawa nako ni tendo la tiba, lina madhara yake.

#5 Fundi Bomba
Samahani wakuu, mimi siyo wa afya. Hiyo dawa ikizidi inafanya nini mpaka mgonge watu magoti usiku wa manane?

#6 BibiMkunga
Fundi, umeuliza vizuri. Magnesiamu inatuliza mishipa ya fahamu na misuli, ndiyo maana inazuia degedege. Ikizidi mwilini inatuliza kupita kiasi, na inakwenda kwa hatua: kwanza goti linaacha kuitika, halafu pumzi zinapungua mpaka kusimama, mwisho moyo. Goti linatangulia, ndiyo sababu tunaligonga. Na inatoka mwilini kwa njia ya figo. Mkojo ukikauka, dawa inabaki ndani na ukiongeza nyingine inapandiana.

Mimi nimestaafu. Nimefanya kazi enzi za diazepamu, mama analala siku nzima na mtoto anazaliwa mlegevu, unampepea kwa pampu ya mkono mpaka achangamke. Magnesiamu ilipokuja tulishukuru. Lakini tuliambiwa siku ile ile: hii dawa usiichome ukiwa na haraka.

Huyo binti aliyevuta kiti akakaa, mimi ningempa mkono.

#7 Chungwa la Muheza
Bibi nakuheshimu sana. Swali: wodi yenyewe ilikuwa na wagonjwa wangapi usiku ule? Maana aliyevuta kiti kwa mmoja, wengine walikaa na nani?

#8 MamaWodi5
#7 swali la haki. Wauguzi wawili na mhudumu mmoja, vitanda vimejaa na wengine chini. Mwenzake alibeba wodi yote iliyobaki. Kuna mama mmoja alichelewa kupewa sindano ya maumivu na alilalamika asubuhi, yuko sahihi kulalamika.

#9 SistaLeeds
Habari zenu, nawasoma kutoka Uingereza, niko wodi ya upasuaji. Hapa tunatumia chati ya alama, NEWS2: pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, fahamu, kila kimoja kina alama. Zikifika 7 ni dharura, timu inakuja mbio na hakuna anayekuuliza kwa nini umeita. Sasa mimi nimeshangaa kidogo, pumzi 14 kwenye chati yetu ni alama sifuri, maana 12 mpaka 20 ni kawaida. Kwa nini 14 imekuwa tatizo?

#10 MwalimuWaWauguzi
SistaLeeds, chati hiyo haikutengenezwa kwa wajawazito, hata wenyewe wameandika isitumike kwao. Na pumzi 14 kwa mtu aliyelala salama ni tofauti na 14 kwa mtu aliyepokea gramu 14 za magnesiamu ndani ya saa 4 zilizopita. Kizingiti cha 16 ndicho kilichomo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

#11 SistaLeeds
Asante kwa kunirekebisha. Nimemuuliza rafiki yangu aliye wodi ya uzazi hapa hapa, anasema kwao kizingiti cha magnesiamu ni 12, ila mama yuko kwenye mashine ya kupima oksijeni muda wote na mkunga wake hana mgonjwa mwingine. Kwa hiyo namba inabadilika kulingana na macho yaliyopo. Nimejifunza.

#12 DaktariWaKata
MamaWodi5, upasuaji ulifanyika kwa ganzi ya mgongoni au kwa usingizi kamili?

#13 MamaWodi5
Mgongoni. Ilichomwa kama saa 5 na nusu usiku.

#14 DaktariWaKata
Basi someni vizuri hapa.

Ganzi ya mgongoni inafanya miguu isiitike. Ikichomwa saa 5 na nusu, saa 8 bado inaweza kuwa haijaisha. Goti lile halikuwa na ushahidi wowote kuhusu magnesiamu! Mgonjwa wa ganzi ya mgongoni unamgonga kiwiko, siyo goti. Je, aligonga kiwiko?

Pili, baada ya upasuaji hawa hupewa pethidini ya maumivu. Pethidini inapunguza pumzi. Tatu, mkojo: mpira ukikunjwa chini ya paja au ukizibwa na damu iliyoganda, mfuko unabaki mtupu wakati kibofu kimejaa. Dalili zote tatu zina maelezo mengine. Mwalimu kahesabu masharti kama karani, mimi nataka kujua kama mkunga aliyafikiria.

#15 Mpemba Halisi
Duh. Uzi umegeuka.

#16 BibiMkunga
Daktari, hoja ya kiwiko nakupa, ni kweli kabisa na wakunga wengi hawaijui. Ila hesabu zako zimekwenda upande mmoja. Kama pumzi zimepungua kwa pethidini, ndiyo uongeze magnesiamu juu yake? Dawa mbili zinazovuta upande mmoja zinasaidiana. Sababu yoyote utakayoitaja, ukweli unabaki kwamba mama huyu saa 8 hakuwa salama kuongezewa.

Mpira kukunjwa ndiyo ningetazama kwanza. Unanyanyua shuka, unafuata mpira kwa vidole kuanzia pajani mpaka kwenye mfuko, unagusa tumbo chini ya kitovu kama kibofu kimejaa. Hata dakika haiishi.

#17 MamaWodi5
Nimempigia. Mpira aliufuata, haukuwa umekunjwa, kibofu hakikujaa. Pethidini ndiyo, alipewa kule kule anakoamkia kabla ya kurudi wodini. Kiwiko hakugonga, anasema hakufundishwa. Pia alipunguza kuamini goti kwa sababu ya ganzi, ndiyo maana aliendelea kusubiri mkojo badala ya kukimbilia kalsiamu. Hayo yote hakuyaandika kwenye faili. Aliandika tu "dozi imesitishwa, mkojo kidogo".

#18 MwalimuWaWauguzi
Hapo ndipo penye kasoro yake, na ndipo watakapombana. Alifikiri vizuri na akaandika vibaya. Faili lilitakiwa lionyeshe: saa, pumzi, kiasi cha mkojo, mpira umekaguliwa, nani kapigiwa, kajibu nini na kupitia kwa nani. Msomaji wa asubuhi hakukuta kitu, kakuta muuguzi kaamua peke yake.

#19 Nesi wa Mwambao
Hamjambo, mimi niko Kenya, Kaunti ya Kilifi, wodi ya watoto. Nitaleta kisa kingine kidogo kwa sababu nasikia mwongozo unatajwa kama msahafu.

Miaka ile, mtoto akija na homa kali, mikono baridi, mapigo dhaifu, mafunzo yalisema mmiminie maji ya dripu haraka haraka. Kisha ukafanyika utafiti uitwao FEAST, Kenya, Uganda na Tanzania, watoto zaidi ya 3,100. Matokeo yalitoka 2011. Waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 asilimia 10.6 na 10.5 kwa makundi mawili ya maji, na 7.3 kwa waliopewa ya kawaida tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuwemo, hao wana taratibu zao.

Sasa fikirieni nesi wa 2009 aliyemtazama mtoto anapewa maji, akaona anahema zaidi, na moyoni akasema hapa siko sawa. Mwongozo ulikuwa upande wa daktari. Macho yake yalikuwa upande wa mtoto. Angeandikiwa barua pia.

#20 DaktariWaKata
Nesi wa Mwambao, mfano mzuri ila unakata pande zote mbili. FEAST ilishangaza hata wauguzi wenye uzoefu, wengi waliona mikono ya mtoto inapata joto baada ya maji wakaamini anapona. Macho nayo hudanganya. Ndiyo maana tukahitaji utafiti.

#21 Nesi wa Mwambao
Hapo sikupingi daktari. Pole kwa zamu.

#22 Msomi_Makongo
Nadhani mnakosa jambo la msingi, nalo ni utii. Mwaka 1966 Marekani, Hofling na wenzake walifanya jaribio: daktari asiyejulikana anapiga simu wodini, anamwambia muuguzi ampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani, na kwenye kopo imeandikwa mwisho miligramu 10. Wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kumpa, wakazuiwa njiani. Dawa yenyewe ilikuwa ya bandia. Hii inaonyesha wauguzi wanafundishwa kutii kuliko kufikiri. Huyu mkunga ni yule mmoja kati ya 22.

#23 MwalimuWaWauguzi
Msomi, malizia habari. Jaribio lilirudiwa mwaka 1977 na Rank na Jacobson. Safari hii dawa ilikuwa inayofahamika, Valium, daktari anajulikana hospitalini, na wauguzi waliachwa waulizane. Waliokuwa tayari kutoa walikuwa 2 kati ya 18. Muuguzi akiijua dawa na akiwa na mwenzake wa kumuuliza, hatii kipofu. Wa 1966 walinyimwa vyote viwili.

#24 Msomi_Makongo
Hilo la 1977 sikulijua. Asante mwalimu. Bado nasema saa 8 usiku kwenye wodi iliyojaa, huyo mwenzake wa kuulizwa yuko wapi?

#25 Mpemba Halisi
DaktariWaKata na MwalimuWaWauguzi mmeoana nini, kila mmoja anajibu wa mwenzake kwanza 😀

#26 Wakili wa Dodoma
Naomba nichangie upande wangu. Muuguzi Tanzania ana leseni yake mwenyewe chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo linalosikiliza mashauri ya mwenendo wa kitaaluma. Leseni siyo ya daktari. Akichoma dawa iliyodhuru hawezi kusimama mbele ya Baraza akasema "niliambiwa", kwa sababu mkono ulikuwa wake. Hata kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, ambazo zilipitishwa mara ya kwanza 1953, zinamwekea muuguzi wajibu binafsi juu ya anachokifanya.

Ila ajibu barua kwa adabu na kwa muda aliopewa. Aambatanishe nakala ya chati. Asimshambulie daktari. Na asiandike "nilikataa", aandike alichopima, alichoona, alichofanya, kwa saa zake.

#27 DaktariWaKata
Nakubaliana na wakili, na niongeze kitu ambacho hamjakigusa. Daktari mwenyewe alisema nini hasa? Alikuwa anapasua. Mhudumu kapokea simu, kaenda mlangoni, kasema pengine "dokta, wanauliza ile magnesiamu". Ukiulizwa hivyo huku umeshika mshipa unaovuja utajibu "wampe, nimeandika". Je, aliambiwa mkojo ni 40? Nina hakika hakuambiwa. Kwa hiyo hakuna daktari aliyeamuru dozi kwa mgonjwa mwenye mkojo 40. Kuna ujumbe uliopita kwa mtu asiyejua uzito wake.

Mimi huwa nawaambia wauguzi wangu: nikiwa ndani, simu iwekwe sikioni kwangu, na niambiwe kwa mpangilio. Mgonjwa gani, nini kimebadilika, vipimo ni vipi, unataka nifanye nini. Useme "sitachoma mpaka uje au mkojo upande." Nitakasirika labda, lakini nitasikia.

#28 BibiMkunga
Haya maneno yako ya #27 yangekuja #4 tungekula chakula cha mchana mapema. Na mwanangu, utakasirika kwa nini?

#29 DaktariWaKata
Nimekubali bibi. Sitakasirika.

#30 Fundi Bomba
Mimi nina la kuuliza kama mume wa mtu. Yule mume wa huyo mama alikuwa wapi? Aliambiwa kwamba dawa imesimamishwa? Maana mke wangu alipojifungua nilikaa kwenye benchi nje mpaka kunakucha, kila anayetoka namuuliza ananiambia "subiri baba". Kama mnabishana juu ya pumzi za mke wangu ningependa kujua.

#31 MamaWodi5
Fundi, ukweli ni kwamba mume alikuwa nje na hakuambiwa. Mama mwenyewe alipozinduka vizuri asubuhi aliambiwa kwa kifupi.

#32 Chungwa la Muheza
Hapo simlaumu mkunga. Ukimwambia ndugu "tumesimamisha dawa" usiku ule, dakika kumi baadaye ukoo mzima umefika getini na mtu mmoja anapiga video.

#33 BibiMkunga
Si lazima umwambie hesabu zote. Unatoka, unamwita kwa jina, unasema: mkeo amejifungua, mtoto mzima, yeye bado hajatulia, kuna dawa tunaisubirisha kwa usalama wake, nipo naye na nitarudi kukwambia. Mume hawezi kuja na ukoo kwa maneno hayo. Anayekuja na ukoo ni yule aliyeachwa benchini mpaka asubuhi. Fundi nakuelewa.

#34 Mkaanga Mbuyu
Mwisho wa siku mama yuko hai, mtoto yuko hai. Mkunga alikuwa sahihi. Tufunge uzi.

#35 MwalimuWaWauguzi
Mkuu, kupona kwa mgonjwa hakuthibitishi uamuzi. Angechoma na mama pia angeweza kupona. Angesubiri na degedege ikarudi, bado kusubiri kungeweza kuwa sahihi kwa alichokijua saa 8. Tunapima uamuzi kwa kile kilichokuwa mbele yake saa ile.

#36 Mfamasia wa Mtaa
Nimechelewa, nimesoma wote. Naona mnabishana juu ya sindano ya saa 8 na hakuna aliyeuliza juu ya zile za mwanzo.

MamaWodi5, mama alikuja kwa rufaa. Kituo cha afya kikipata kifafa cha mimba kinatakiwa kumpa dozi ya kuanzia kabla ya kumsafirisha. Kama alipewa kule gramu 14, na kwenu akapewa tena gramu 14 kamili saa 4 usiku, basi saa 8 alikuwa na mara mbili ya kinachotakiwa, na goti lake huenda halikuwa ganzi wala mkojo wake haukuwa bahati mbaya. Nini kimeandikwa kwenye barua ya rufaa?

Na la pili, kwenu mna chupa za asilimia 50? Chupa ya mililita 10 ina gramu 5. Kwa mshipa inatakiwa ichanganywe mpaka asilimia 20. Aliyechanganya saa 4 ni nani na kaandika?

#37 DaktariWaKata
Mfamasia. Mungu akubariki. Hilo lilitakiwa liwe swali langu la kwanza.

#38 MamaWodi5
Nimetoka sasa hivi kuliangalia faili pamoja na muuguzi mfawidhi. Barua ya rufaa ipo. Imeandikwa "amepewa magnesiamu". Hakuna kipimo, hakuna saa, sahihi haisomeki. Dozi yetu ya saa 4 ilitolewa mapokezi na zamu ya jioni, mchanganyiko haukuandikwa.

Mfawidhi amesema barua ya kujieleza itasubiri mpaka wakutane na daktari wa zamu, watu wa mapokezi na kile kituo cha afya. Kikao ni Alhamisi. Anayejua namna kituo kinavyojaza fomu ya rufaa kwa kifafa cha mimba aniandikie hapa kabla ya hapo.

#39 Nesi wa Mwambao
Kwetu tunaandika kwenye plasta na kuibandika mkononi mwa mama: dawa, gramu, saa, njia. Barua inapotea, mkono haupotei. Nitakutumia picha ya plasta tupu.

#40 Mfamasia wa Mtaa
Itume hapa hapa tuione wote. Na MamaWodi5, muulize mume pia. Aliyekaa kwenye gari la wagonjwa na mkewe anaweza kukumbuka alichomwa sindano ngapi na wapi.